Ukurasa wa Kumi na Nne

Bi Nukta hakuwa mtu wa kuogopa maneno. Angeyaogopaje, na maneno ndiyo yaliyomlisha? Miaka ishirini na sita alikaa kwenye chumba kimoja chenye dirisha moja, mashine moja ya kupiga chapa na kiti chenye mto alioushona mwenyewe, akiandika shida za watu. Chumba kilikuwa nyuma ya kituo cha polisi. Asubuhi aliandika mambo ya serikali: maelezo ya washitakiwa, hati za upekuzi, na barua za mkuu wa kituo, bwana ambaye hakuwahi kuandika barua fupi tangu azaliwe. Ikifika saa nane mchana, kwa ruhusa ya huyo huyo mkuu, aliandika mambo ya raia: wosia, maombi ya kazi, na barua za mapenzi za watu wazima walioona haya kumwambia mtu mwingine.

Hilo jina la Nukta alipewa na makarani wa mahakama, likamkaa kuliko alilopewa na wazazi wake. Sababu ni kwamba hakukubali ukurasa uishe huku sentensi inaning'inia. Mstari wa mwisho ukifika na maneno bado yanataka kwenda, alirudi juu, akabana hapa, akasogeza pale, akahangaika nao mpaka sentensi imalizike chini kabisa, na nukta yake. Polisi ndio waliomfundisha, maana kila ukurasa wa maelezo hutiwa dole gumba, na ukurasa ulioishia njiani ni rahisi mtu mbaya kuuongezea uongo. Lakini yeye sheria ya polisi aliigeuza dini. Hata barua ya mapenzi ikitoka kwake, kila ukurasa ulisimama kwa miguu yake.

"Ukurasa wangu ukiokotwa barabarani," alikuwa akisema, "aliyeuokota hana haja ya kuniuliza kitu."

Majivuno hayo, ndiyo. Mimi simlaumu. Mtu asipojivunia kazi yake atajivunia nini, nywele?

Na kitu kingine: hakuwa anasoma. Msinielewe vibaya, kusoma alijua kuliko makarani wote wa pale. Ila alipokuwa kazini, maneno yaliingia machoni yakatokea vidoleni, tumboni hayakupita. Akili yake wakati huo ilikuwa sokoni, inabishana na muuza vitunguu. Ndiyo maana watu walimwachia siri zao bila wasiwasi. Ungemuuliza jioni ameandika nini mchana, angekukodolea macho.

Kati ya wateja wake wa mchana alikuwamo Mzee Jinamizi. Alikuwa mkaguzi wa shule mstaafu, mtu wa suti na mwavuli, mwenye sauti ya mtu anayebembeleza mtoto alale. Ukimwona usingedhani. Lakini mzee huyo huyo ndiye aliyeandika vile vitabu vya vitisho vilivyouzwa kwenye kila kibanda cha magazeti, vitabu ambavyo muuaji mwenyewe ndiye anayesimulia: mimi nilifanya hivi, mimi nikaingia hivi. Kila juma alileta karatasi zake za mkono, mwandiko mzuri wa kialimu, akaziweka mezani na kusema, "Mwanangu, damu kidogo ya juma hili." Bi Nukta alizipokea kama alivyopokea wosia.

Nyumbani aliishi na dada yake mkubwa, muuguzi mstaafu. Dada huyo alikuwa ameosha maiti zaidi ya watu aliowasalimia, wala hakuna kilichomtisha duniani isipokuwa vitabu vya Mzee Jinamizi. Alivipenda kama wengine wanavyopenda pilipili: analia, anatoa jasho, anaongeza. Alimsema mdogo wake kila siku.

"Yaani unashika maneno ya yule mzee mapema kabla ya watu wote, na hujui hata nani kafa?"

"Mimi napiga chapa, Dada. Kufa wanakufa wenyewe."

Mwaka ule, kwenye mitaa ya nyuma ya maghala, wanawake watatu waliuawa vyumbani mwao. Wa kwanza alikuwa fundi cherehani, wa pili mpishi wa shule, wa tatu muuza mitumba. Hakuna mlango uliovunjwa. Hakuna kilichoibwa. Mji ukawa unalala jicho moja wazi, na polisi wakawa wanatafuta mtu wa kushika kama mtu anayetafuta funguo gizani. Mwisho wakamshika mlinzi wa ghala moja, mtu mpole, mseja, asiyejua kusoma. Wanawake wote watatu walikuwa wakipita getini kwake, na yeye alikuwa akiwasalimia. Hayo ndiyo makosa yake yaliyojulikana.

Mlinzi alieleza siku zake zote, moja baada ya nyingine, askari akaandika kwenye daftari, na daftari likaja kwa Bi Nukta. Alikana kila kitu. Jumamosi aliyouawa muuza mitumba, alisema, alishinda kwa dada yake nje ya mji, akiziba paa. Hiyo Jumamosi ilijaza ukurasa wa kumi na nne.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo shetani alipompitia mwanamke wa watu.

Mezani siku hiyo palikuwa na kazi mbili: maelezo ya mlinzi, kurasa ishirini na mbili, na upande wa pili riwaya mpya ya Mzee Jinamizi. Mkuu wa kituo anataka maelezo kabla ya saa sita. Bi Nukta akipitia, akakuta kwenye maelezo, ukurasa wa kumi na nne, ameruka mstari mzima. Akageukia riwaya ili aisogeze, kikombe cha chai kikayumba, chai ikamwagikia ukurasa uliokuwa juu. Wa kumi na nne. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Akaona heri azirudie zote mbili kwa mpigo. Akapiga wa maelezo kwanza, akaulaza kifudifudi, kama kawaida yake, wino usichafuke. Akapiga wa riwaya, akaulaza juu ya mwenzake. Zile zilizoharibika akazichana. Askari akagonga mlango. Bi Nukta akachukua ukurasa mmoja akauchomeka kwenye maelezo, akachukua wa pili akauchomeka kwenye riwaya.

Angegundua vipi? Namba ni ile ile. Karatasi ni ile ile. Muuaji wa kitabu anasema mimi, mlinzi anasema mimi. Na kila ukurasa ulianza na sentensi yake na kuishia kwa nukta yake, safi, hauhitaji kumuuliza mtu kitu.

Mlinzi alipaswa kusomewa kabla ya kutia dole. Askari alikuwa na haraka. "Uliyasema mwenyewe, ya nini kusomewa?" Akamshika kidole, akakichovya kwenye wino, akakigandamiza mara ishirini na mbili.

Mahakamani, mwendesha mashtaka alipofika ukurasa wa kumi na nne, karani aliyekuwa anakohoa aliacha kukohoa. Ukurasa ulisema hivi:

"Jumamosi hiyo niliingia akiwa bado hajarudi. Nilikaa kwenye kiti nyuma ya pazia. Alipoingia alivua viatu, akaenda kuwasha taa. Nikatoka nikavipanga viatu vyake mlangoni, ncha zikitazama ndani, ili anayepita ajue kwamba ameingia na hatatoka. Nilifanya hivyo kwa wote. Ni adabu tu. Kisha nikarudi kwenye kiti nikamngoja."

Mlinzi alisimama bila kuulizwa. "Hayo sikuyasema. Nilisema paa."

Dada yake naye, mjane mmoja mfupi mwenye sauti kavu, aliapa kwamba ndugu yake alishinda kwake Jumamosi nzima akipigilia mabati. Mwendesha mashtaka alimsikiliza kwa upole, kisha akauliza swali moja. "Mama, kama alikuwa juu ya paa lako, mbona yeye mwenyewe, katika kurasa ishirini na mbili, hakutaja paa wala bati wala msumari?" Kurasa nyingine alikana, akasema, lakini mwongo husahau mahali pamoja. Akainua ukurasa wa kumi na nne, watu wote wakaliona lile dole gumba jeusi. Majirani walikiri paa lilizibwa, lakini lini hasa, hakuna aliyethubutu kuapa. Mlinzi akahukumiwa kunyongwa.

Magazeti yakampa jina: Mpanga Viatu. Na jina hilo likaingia majumbani. Mama wa yule fundi cherehani aliapa kwamba sasa anakumbuka, viatu vya binti yake vilikuwa mlangoni, vinatazama ndani. Askari wawili nao wakakumbuka. Picha zilizopigwa zilikuwa za vitanda. Mlango hakuna aliyeupiga picha. Watu wakaanza kuingiza viatu ndani, wengine wanalala navyo chini ya mto. Ukipita mtaani saa kumi jioni, milango yote mitupu, kana kwamba waliokuwa wakiishi mle wamehama.

Bi Nukta naye aliusikia ule mstari wa ncha zinazotazama ndani. Aliyajua maneno yale. Vidole vyake viliyajua. Akajiambia, bila shaka, si mimi niliyeandika maelezo yake? Akamwamini mlinzi kuwa muuaji kuliko mtu mwingine yeyote mjini, maana alihisi yametoka mikononi mwake yakiwa bado ya moto.

Alasiri moja alirudi nyumbani akakuta viatu vya dada yake mlangoni. Ncha zinatazama ndani. Akaita, kimya. Pazia la dirisha limefungwa. Mkono ulishika ufunguo, lakini ufunguo haukwenda tunduni. Alisimama pale nusu saa nzima, mama mtu mzima, kikapu mkononi, akisikiliza kama kuna kiti kinacholia ndani. Mwisho mlango ukafunguliwa kwa ndani. Dada alikuwa amelala tu.

"Mbona viatu vyako vinatazama ndani?"

"Nimevivua nikiingia," dada akasema. "Ulitaka niingie kinyumenyume?"

Walicheka mpaka wakakaa chini. Lakini Bi Nukta alivichukua vile viatu akavigeuza kabla hajaingia. Mji mzima ulikuwa hivyo. Hakuna aliyejiuliza ni lini mtu alishawahi kuvua viatu mlangoni kwake vikatazama nje.

Miezi minane baadaye riwaya ya Mzee Jinamizi ikatoka. Dada aliinunua kabla juma halijaisha, akaisomea jikoni huku anakoroga sufuria kwa mkono wa pili.

"Safari hii mzee amezidi," akasema. "Njoo usikie. Mjini watu wote wanazungumzia kipande hiki. Muuaji yumo nyumbani kwa mtu, unangoja afanye lake, mara anakuletea hili." Akasoma kwa sauti:

"'Jumamosi hiyo nilikwenda kwa dada. Paa lilikuwa linavuja juu ya kitanda chake. Nilipanda na misumari mdomoni. Yeye alishika ngazi, akanionyesha kila mahali mwanga unapopenya. Nikapigilia moja moja. Nilipomaliza aliingia ndani, akalala kitandani akatazama juu, akasema, sasa kuna giza zuri. Nikashuka, nikanawa mikono.'" Dada akaweka mwiko chini. "Giza zuri. Nikanawa mikono. Huoni unavyosisimka? Hasemi amemfanya nini, ila unajua."

Bi Nukta alikuwa ameshika ukingo wa meza. Nilisema paa. Mtu alisimama mbele ya umati akasema maneno mawili tu, na yeye alikuwa na paa hilo lote mikononi mwake, akamtengenezea mzee wa vitabu.

"Dada," akasema, "huyo si muuaji. Huyo ni mtu anayeziba paa."

Alikwenda kwa Mzee Jinamizi kabla chakula hakijaiva. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akaukunja na kuukunjua mwavuli wake uliokuwa mkavu.

"Niliuona," akasema. "Nilipoletewa nakala za kusahihisha niliuona. Nikajua si wangu. Nikadhani ni wewe, mwanangu. Nikadhani umeona ukurasa wangu ni dhaifu, ukaniandikia mwingine kwa huruma. Nikaona aibu kukuuliza. Halafu watu wakaanza kuusifu."

"Na ule wa viatu? Uliusikia mahakamani ukanyamaza?"

"Nilisikia mjini. Kila mwaka kuna mtu ananiambia muuaji fulani amefanya kama kwenye kitabu changu. Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi. Nikadhani nimewajua vizuri wauaji."

Alikuwa na majivuno yule mzee, lakini hakuwa mwoga. Akavuta sanduku chini ya kitanda, akatoa ukurasa wake wa mkono, viatu na pazia na kila kitu, tarehe juu yake. Akasema atakuja nao mahakamani, aseme mbele ya watu kwamba kipande bora cha kitabu chake kilisemwa na mlinzi wa ghala.

Bi Nukta akaenda kwa mkuu wa kituo, akasimamishwa kazi kabla hajamaliza kueleza. Daftari la askari likatafutwa, halikuonekana. Wakili wa mlinzi, aliyekuwa ameshakata tamaa, akaipeleka habari kwenye rufaa. Siku ya kusikilizwa ikapangwa. Ilibaki wiki tatu, na Bi Nukta hakuweza kukaa. Dada alimwambia atulie, mambo yako mikononi mwa wenyewe. Hakutulia. Alitaka kumwomba mlinzi msamaha uso kwa uso, na alitaka kumpelekea kile alichomnyang'anya. Akatia kitabu kwenye mkoba, akaenda gerezani.

Chumba cha wageni kilikuwa na meza iliyopigiliwa sakafuni na askari jela aliyekuwa anasinzia mlangoni. Mlinzi aliletwa. Alikuwa amekonda, amenyoa vizuri, mtulivu kupita kiasi.

"Mimi ndiye niliyeandika maelezo yako," Bi Nukta akasema.

"Nakujua, mama. Wewe ndiye mwenye maneno."

Akamweleza yote. Chai, kurasa mbili, kifudifudi. Alilia akieleza, wala hakujificha. Mlinzi alimsikiliza kama mtu anayesikiliza habari za jirani. Kisha Bi Nukta akafungua kitabu akamsomea paa, kutoka mwanzo mpaka kunawa mikono.

"Huyo nani?" mlinzi akauliza.

"Ni wewe, ndugu yangu."

Mlinzi akafikiri. "Soma tena." Akasoma tena. Akamsomea mara nne, maana kila akimaliza mlinzi alinyoosha kidole kwenye kitabu. "Anaonekana mtu mzuri," akasema mwisho. "Anampenda dada yake."

"Hukumbuki?"

"Mwanzo nilikumbuka. Nilikuwa nasema paa, paa. Huku ndani ukisema hukufanya, wanakupiga kwa sababu unawadanganya. Mmoja alikuwa na gazeti, akawa ananisomea ule ukurasa wangu. Kila akija mgeni anataka kuusikia kwangu mwenyewe. Nikiusema vizuri, wananipisha nikae dirishani." Aliongea bila huzuni. "Sasa naviona. Vya yule wa mitumba vilikuwa vya buluu. Kisigino kimoja kimelegea. Nilikishikilia kisianguke."

Bi Nukta akakifunga kitabu. Ukurasa ule aliupiga kwa vidole vyake. Haukuwa na buluu. Haukuwa na kisigino.

"Ila kuna kitu kinanisumbua, mama," mlinzi akasema, akainama karibu. "Ukurasa unaisha nimerudi kwenye kiti, namngoja. Hapo panakatika. Wenzangu wananiuliza, halafu? Nami sina. Zile kurasa nyingine unazo wewe. Niletee. Nataka kujua nilifanya nini baada ya hapo."

Alirudi kwa miguu njia nzima, mkoba kifuani. Aliogopa kwamba mtu yule aliua. Akaogopa zaidi kwamba hakuua. Kisigino kile alikitoa wapi? Hakumwambia wakili. Hakumwambia hata dada yake. Alijipa moyo kwamba siku ya siku, mtu akimwona ndugu yake wa tumbo moja ameketi mbele yake, ataamka. Damu nzito kuliko maji, si ndivyo tunavyosema? Akamtafuta yule mjane, akamsihi aketi mstari wa mbele kabisa.

Siku ikafika. Mzee Jinamizi alisimama na suti yake, akatoa ukurasa wa mkono, akasema alichoahidi kusema, na watu walionunua kitabu chake wakamwangalia kama mtu aliyewaibia. Bi Nukta naye akaeleza, akakiri. Jaji alizilinganisha karatasi kwa muda mrefu. Kisha akasema ukurasa wa kumi na nne unaondolewa kwenye maelezo, na hautasomwa dhidi ya mtu huyu tena. Wakili akashusha pumzi. Ilibaki kitu kidogo tu.

"Sasa tuambie kwa kinywa chako," jaji akamwambia mlinzi. "Jumamosi ile ulikuwa wapi?"

Mlinzi akasimama. Akamtazama dada yake. Mjane alikuwa ameinua mikono yote miwili mbele yake bila kujijua, kama mtu aliyeshika ngazi.

"Jumamosi hiyo nilikwenda kwa dada," mlinzi akasema. "Paa lilikuwa linavuja juu ya kitanda chake. Nilipanda na misumari mdomoni."

Bi Nukta alitaka kumshukuru Mungu, lakini jaji alikuwa ameanza kupekua kitabu kilichokuwa mbele yake. Akaufikia ukurasa. Akaweka kidole. Kidole kikawa kinatembea pamoja na sauti ya mlinzi, neno kwa neno, nukta kwa nukta.

"Ngoja," jaji akasema. "Haya umeyatoa wapi?"

"Nilisomewa."

"Na nani?"

Mlinzi akamwonyesha Bi Nukta, kwa heshima kabisa. "Mama yule. Alinisomea mara nne."

Mwendesha mashtaka hakuhitaji hata kusimama. Bi Nukta alifunga macho. Paa lilikuwa la kweli, kitu pekee cha kweli katika kesi nzima, na yeye ndiye aliyelipeleka gerezani likiwa ndani ya mkoba. Asingemsomea, labda mlinzi angesema paa kwa maneno yake mwenyewe mabovu, na jaji angeyasikia. Sasa lilikuwa kipande cha kitabu kama vipande vingine.

Na mlinzi hakuwa amemaliza. Hakuna aliyemwambia akae. "Nilipomaliza aliingia ndani, akalala kitandani akatazama juu, akasema, sasa kuna giza zuri. Nikashuka, nikanawa mikono. Nikavipanga viatu vyake mlangoni, ncha zikitazama ndani, ili anayepita ajue kwamba ameingia na hatatoka. Nilifanya hivyo kwa wote. Ni adabu tu. Kisha nikarudi kwenye kiti nikamngoja."

Mikono ya mjane ilishuka magotini. Mlinzi alinyamaza pale ukurasa ulipoishia. Kisha akamgeukia Bi Nukta, akamngoja.

Rufaa ilitupwa wiki ile ile. Bi Nukta aliandika barua kwa kila mwenye cheo aliyemjua, kwa mkono, maana mashine hakuwa nayo tena. Hakuna aliyejibu. Mlinzi alinyongwa mwezi uliofuata, na siku nne baadaye mvua ya kwanza ikaanza kunyesha.

Alasiri hiyo yule mjane alikuja mlangoni kwa Bi Nukta, amelowa chapachapa. Hakukubali kuingia.

"Vaa viatu," akasema. "Twende."

Walikwenda mpaka nje ya mji bila kuzungumza. Nyumba ilikuwa chumba kimoja, na mvua ilikuwa inapiga mabati kiasi kwamba mtu hasikii anachosema. Mjane akamwonyesha kitanda. Bi Nukta akadhani anaambiwa akae.

"Lala," mjane akasema. "Lala uangalie juu."

Akalala na nguo zake zilizolowa. Juu palikuwa peusi. Mvua iliongezeka, ikapungua, ikaongezeka tena, na yeye akangoja tone limwangukie usoni, angalau moja. Alilia mpaka masikio yakajaa machozi. Mjane alikuwa amesimama kando ya kitanda, anaangalia juu naye.

"Umeona?"

"Nimeona, dada yangu," Bi Nukta akasema. "Halivuji."